Mshono Usiokazwa

Kila ilipofika saa ya kuona wagonjwa, mtu fulani alikuja kuazima kiti cha Fundi.

"Samahani mzee, hiki kina mtu?"

"Chukua tu, mwanangu."

Kilikuwa kiti cha chuma, mguu mmoja mfupi kuliko mingine, kimewekwa kando ya kitanda kwa ajili ya mgeni mmoja. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa dereva wa lori, mtu wa miraba minne mwenye ndugu wasiohesabika, na viti vya wodi nzima havikuwatosha. Fundi aliujua mlio wa kile kiti kikiburutwa kwenda, na baada ya saa moja aliusikia kikiburutwa kurudi. Katikati ya milio hiyo miwili alifumba macho akajifanya amelala. Afadhali kuonekana umelala kuliko kuonekana huna mtu.

"Fundi," dereva alimwambia siku ya tatu, "usingizi wako una saa ya kazi. Ikigonga saa kumi tu, unakoroma."

"Ni dawa hizi."

"Dawa gani inajua saa ya wageni?"

Walikuwa wamepasuliwa siku moja, ugonjwa mmoja, kidole tumbo. Dereva alifika hospitali asubuhi ileile maumivu yalipomshika, amebebwa na shemeji zake wawili kama gunia la mahindi, akakatwa kidole tumbo kikiwa bado kizima. Siku ya nne alitoka akitembea, ameinama kidogo, akisindikizwa na kundi kama la harusi. Fundi alibaki na mpira uliotoka ubavuni ukidondosha maji machafu ndani ya chupa.

Daktari aliyempasua, binti mwenye umri wa kuwa mwanawe kama angejaliwa kupata mtoto, alisimama miguuni mwa kitanda akishika faili.

"Mzee, uliandikisha kwamba maumivu yalianza jana yake."

"Ndiyo."

"Nilichokikuta mle ndani hakikuwa cha jana. Kilikuwa kimepasuka, usaha umetapakaa. Hiyo jana yako ina siku ngapi?"

Fundi akatazama dari. Ile jana ilikuwa na siku nne.

Yalimwanzia kitovuni, Jumatatu, akigongelea misumari midogo kwenye kiti cha mteja. Jumanne yalihamia kulia yakakaa hapo. Jumatano hakula. Alijua kwamba tumbo la namna hii si la kunywea maji ya moto. Lakini hospitali ilikuwa moja, na lango lake lilikuwa moja, na kupitia lango hilo, miezi minane nyuma, aliingia amebeba mfuko wa nguo za mkewe, naye mkewe akimcheka jinsi alivyoubeba kama mtoto mchanga. Baada ya siku kumi na moja alitoka na mfuko uleule, peke yake. Siku hiyo aliapa kimoyomoyo kwamba hatalipita tena lango lile kwa miguu yake. Na kiapo alikitimiza. Mteja aliyefuata kochi lake Alhamisi alimkuta Fundi amejikunja juu ya kochi lenyewe, akamtia garini.

Pale mapokezi walimuuliza maswali, naye alijibu huku ameuma meno. Una kisukari? Sina. Hilo lilikuwa kweli. Unavuta sigara? Niliacha. Hilo nalo lilipata kuwa kweli kwa miaka kumi na miwili, kwa sababu mkewe alimwambia achague kubusu sigara au kumbusu yeye. Alirudia kuvuta alasiri ya mazishi, nyuma ya nyumba, waombolezaji wakiwa bado barazani.

Nyumbani unaishi na nani?

"Na mke wangu."

Hakukusudia. Ulimi ni kama punda, huijua njia ya nyumbani hata mwenyewe akisinzia. Angeweza kusahihisha hapohapo. Lakini mwandikishaji alikwisha kuandika, na Fundi alipoyaona yale maneno yakikauka juu ya karatasi, jambo fulani lilimtulia kifuani. Kumbe palikuwa pamebaki mahali pamoja duniani ambapo mkewe alikuwa hai, nyumbani, akimngoja. Ndani ya faili lile.

*

Aliruhusiwa siku ya tisa. Kabla hajaondoka aliletewa nesi wa vidonda, mama mfupi aliyevaa miwani yenye kamba shingoni na aliyemwita kila mwanamume baba, hata wale aliowazidi umri.

"Baba, nikwambie ukweli. Hiki kidonda kitachelewa. Umri nao unachangia kidogo. Lakini kubwa ni kwamba ulikuja kimeshapasuka ndani. Halafu sigara ulizoacha, mbona vidole vyako havijapata habari?"

Fundi akaficha mkono chini ya shuka.

"Ule vizuri. Usinyanyue kitu kizito kwa wiki sita. Mama nyumbani ataweza kubadilisha bendeji?"

"Ataweza," alisema Fundi. "Ana mkono mwepesi."

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa karakana: sponji zimerundikwa hadi juu, springi, majora ya vitambaa, fremu za mbao zinazosubiri kuvikwa. Dirishani palikuwa na cherehani ya mkewe. Yeye Fundi alifunga springi na kugongelea, mkewe akashona mito na foronya. Foronya ya mwisho ilikuwa bado chini ya sindano, upande mmoja umeshonwa, upande mwingine wazi, na mwenye mto alikwisha kuambiwa kitambaa kimepotea. Hakuna aliyeigusa. Fundi alipofagia, alifagia kuizunguka.

Kila Jumapili simu iliita. Alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, mpishi wa shule ya bweni, mwendo wa saa mbili kutoka pale. Fundi aliitazama simu ikicheza juu ya meza mpaka ichoke. Hakuwa na ugomvi na shemeji yake. Tatizo lilikuwa sauti. Wale dada wawili walipishana miaka sita, sura mbalimbali, tabia mbalimbali, lakini sauti moja, kama vitambaa viwili vilivyokatwa kwenye jora moja. Pale msibani, shemeji alipoita kutoka jikoni, "Jamani, nani ana kibiriti?", Fundi aliinuka kumpelekea mkewe kibiriti. Alifika mlangoni ndipo akakumbuka. Tangu siku hiyo hakuweza.

Alikula mkate na chai, asubuhi na jioni. Alivuta sigara mbili, zikawa nne. Siku ya sita kochi la mteja lilikuwa limeziba mlango, naye hakuwa na wa kumwita, akalisukuma kwa goti na bega. Alihisi kitu cha uvuguvugu kikimtambaa kiunoni.

Bodaboda ilimpitisha langoni hadi kliniki, na nesi wa vidonda akakata nyuzi tatu. Kidonda kikafumbua mdomo, urefu wa kidole cha shahada. Alikiosha, akakijaza shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, akakifunika.

"Hukishoni tena?" Fundi aliuliza.

"Sikishoni. Kikishonwa na uchafu wake kitaoza. Kitajaa chenyewe kutoka chini. Wewe uje kwangu mara mbili kwa wiki, na siku nyingine mama atoe shashi, aoshe, aweke nyingine. Ailegeze tu, asishindilie."

"Kwa hiyo unaniacha wazi."

"Nakuacha wazi, baba."

Mlangoni alikutana na dereva wa lori, amekuja kuonyesha kovu lake kama mtu anayeonyesha leseni.

"Fundi! Bado upo? Mimi wiki ijayo narudi barabarani. Wewe wamekushona kwa uzi gani?"

"Wa kochi," alijibu Fundi, na dereva akacheka hadi akashika tumbo.

*

Lakini njia nzima Fundi alikwenda na fedheha. Katika kazi yake mshono ulioachia haujazwi matambara ukasubiriwa. Mshono ulioachia ni aibu ya fundi, na fundi anayejiheshimu hamrudishii mteja kiti kinachocheka meno nje. Alisimama mbele ya kioo cha chumbani, akainua shati, akatoa ile shashi. Nyama nyekundu ilimtazama. Yule nesi ni mtu mwema, alijiambia, ila hajui mshono.

Akachukua plasta ya kitambaa, ile pana. Akaikata vipande vyembamba, akavipunguza upana katikati kama anavyokata mikanda ya kushikizia kona. Akakausha ngozi. Kisha, akivuta pumzi kidogokidogo, akasogeza ukingo hadi ukingo, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayelinganisha maua ya kitambaa ili yasikatike kwenye mto. Alipomaliza palikuwa na mstari mmoja tu, mwembamba, umenyooka. Ulikuwa mshono mzuri kuliko wote aliowahi kufanya. Akajipongeza kwa sigara.

Siku ya kurudi kwa nesi ilipofika hakwenda. Ngozi ilikuwa imeshikana. Wala haikuuma sana. Ilivuta tu, na chini yake palikuwa na joto, kama mtu aliyekalia kiti akainuka sasa hivi.

Siku ya tano, adhuhuri, jua likiwaka, Fundi alijikuta amevaa koti akitetemeka. Meno yaligongana hata akashindwa kushika sindano. Lango la hospitali safari hii alilipita kwa miguu yake, akishika ukuta.

Nesi alibandua plasta moja baada ya nyingine. Alibonyeza kwa vidole viwili.

"Uma hiki," alisema, akampa taulo lililokunjwa.

Alipoufungua ule mstari, harufu ilijaza chumba. Fundi aliuma taulo akatazama miwani ya nesi ikibembea kwenye kamba yake. Ilichukua muda mrefu. Usaha ulipokwisha na kidonda kikawa kimeoshwa, nesi alisimama, glavu zake hewani.

"Nani amefunga hivi?"

Angeweza kusema. Lakini homa, na haya, na ule ulimi unaojua njia yake.

"Mke wangu."

"Huyo mama anakupenda kweli, au amechoka nawe?" Nesi hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Alitaka kidonda kipendeze machoni. Juu pazuri, chini panaoza. Siku mbili zaidi, baba, ungerudi mezani kupasuliwa, na sijui kama ungeamka. Mwambie hivyo. Mwambie nusura akuue."

Machozi yalimtoka Fundi, yakashuka masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. Nesi alidhani ni maumivu. Akavua glavu, akakaa.

"Nimesema kwa ukali. Mama hakuisomea kazi hii, na mimi sikuwahi kumwona nikamwonyesha." Akachukua karatasi, akaandika upande mmoja na nusu ya upande wa pili, akaikunja mara nne. "Mpe hii. Na keshokutwa uje naye. Ukija peke yako nakulaza. Kidonda hiki hakimtaki mtu mmoja."

*

Fundi aliiweka barua juu ya cherehani bila kuifungua. Barua ya mtu haisomwi.

Dawa mpya zilimshushia homa, lakini neno la nesi halikushuka. Tangu mkewe azikwe hakuna aliyemtaja kwa ubaya. Majirani walisema mkono wake, ucheshi wake, jinsi alivyojua kupunguza bei bila kumwudhi mtu. Fundi alikuwa amemhifadhi hai ndani ya faili, na sasa mle ndani ya faili alikuwa mwanamke mzembe aliyetaka kumwua mumewe. Alimfufua ili ambebeshe lawama. Mkewe, ambaye mshono wake ukikosea uzi mmoja aliufumua wote, akisema, "Nikiuacha utanitazama."

Alikaa kwenye kigoda cha mkewe usiku kucha, foronya ile mbele yake, upande mmoja wazi. Asubuhi iliyofuata alichukua simu, na ingawa haikuwa Jumapili, akapiga.

"Haloo?"

Fundi alifumba macho. Sauti ilimpita kama alivyojua itampita.

"Haloo? Shemeji, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona hupokei simu?"

"Nilikuwa nimelala."

"Miezi minane, shemeji? Hata chatu huamka akala." Nyuma yake masufuria yaligongana. Kisha sauti ikashuka. "Unaumwa."

"Nina kidonda. Nilipasuliwa."

"Lini? Na nani anakuangalia?"

Fundi akatazama kigoda, cherehani, barua. "Kesho wananitaka nije na mtu," alisema. "Sina mtu."

Upande wa pili masufuria yaliacha kugongana. "Usile mkate," alisema shemeji hatimaye. "Najua unakula mkate. Nakuja na mayai."

Kesho yake nesi aliwaona wakiingia, akavaa miwani, akanyoosha mkono. "Karibu mama. Usiogope, sing'ati. Nilikuwa nimekasirika juzi, lakini—"

"Huyu ni shemeji yangu," alisema Fundi. Alikuwa amesimama, maana alitaka kulisema amesimama. "Mke wangu alifariki. Wodi ya juu hapo, miezi minane sasa. Plasta nilifunga mwenyewe. Yeye hangefunga vile. Yeye angefuata ulivyosema, neno kwa neno."

Shemeji aligeuka akatazama dirisha.

Nesi akavuta faili, akatafuta ule mstari wa siku ya kwanza, akaondoa kifuniko cha kalamu. "Inabidi nirekebishe, baba. Nifute?"

"Piga mstari tu," alisema Fundi. "Mwembamba. Isomeke."

Nesi akapiga mstari mwembamba. Pembeni akaandika, *shemeji*.

*

Nyumbani shemeji aliosha mikono hadi viwikoni, kama mtu anayejiandaa kukanda unga wa shule nzima. Fundi alilala juu ya kochi la mteja, lile lililoziba mlango, akashika shati juu kwa vidole viwili.

"Usione haya, shemeji. Tumbo ni tumbo. Nimeosha ya ng'ombe maisha yangu yote." Akatazama huku na huku. "Nesi alinionyesha haraka haraka. Hakuna maandishi?"

"Kuna barua." Fundi alionyesha kwa kidevu. "Juu ya cherehani. Haikuandikwa kwako."

Shemeji aliifungua kwa ncha za vidole vilivyolowa, akaisimamisha ikiegemea ile foronya ili aione akiwa kazini. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, akifanya kila alichokisoma.

"*Mama, salamu. Mimi ndiye ninayemhudumia mume wako. Nilisema maneno makali, nayarudisha. Kidonda hiki usikifunge kikapendeza. Kiache wazi. Lowesha shashi, ikamue kidogo, iingize bila kushindilia.* Hivi? *Ukikitazama utaona kama hakijasogea, wala usikate tamaa. Nyama mpya huota chini, mtu haioni ikiota. Mpe mayai, maharage, matunda. Sigara anavuta. Usigombane naye, zifiche tu.* Ziko wapi?"

"Ndani ya sponji ya kijivu."

"Nitazitafuta." Sauti iliendelea, ileile, ya asubuhi zote za miaka thelathini na mmoja, ikimtaja yeye kwa mtu ambaye hakuwepo. Fundi hakufumba macho. Alitazama dari, akaisikiliza yote, kama mtu anayesikia mvua juu ya bati baada ya kiangazi na hataki hata kujigeuza.

"*Na la mwisho, mama. Ukimgusa, muulize kama inauma. Akisema haiumi, usimwamini. Nawajua wanaume wa namna yake.*"

Shemeji akaacha kusoma. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya bendeji, mwepesi.

"Inauma?"

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Ukapita, ukapotelea mbali.

"Inauma," alisema Fundi.

Shemeji hakushangaa. Alifuta mikono, akakivuta kigoda cha dada yake kutoka dirishani, miguu yake ikikwaruza sakafu hadi pembeni mwa kochi, akakikalia.

"Tangu lini?"

Fundi alifikiri. Safari hii hakusema jana.